Katunge wa Punda na Njia ya Mabasi

Katunge alikuwa akipepeta mbaazi nje ya nyumba yao kambini walipomletea habari kwamba mashine ya mkonge imemkata mumewe mkono. Aliweka ungo chini, akafunga kanga kiunoni, akakimbia. Hiyo ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, katika shamba moja la mkonge mashariki ya Thika, kule Wakamba wengi walikokwenda kutafuta kazi na wakabaki.

Mumewe, Musau, alipona, lakini mkono wa kulia ukawa umeishia kwenye kiwiko. Na kwa kuwa nyumba ya kambini ilikuwa ya mfanyakazi, na yeye si mfanyakazi tena, walipewa muda mfupi wa kuhama. Wakapanga chumba kimoja Majengo, Thika mjini, wao na binti yao Ndinda. Musau akageukia ukuta. Alikula akipewa, alinyamaza akiulizwa.

Jamaa zao wa Yatta walikuja kuwaambia warudi nyumbani. Katunge aliwapikia, akawashukuru, kisha akawajibu kwa upole kabisa.

"Nyumbani tutapokelewa vizuri. Tutachinjiwa hata mbuzi. Lakini mwaka ukiisha, tutakuwa wageni wasiojua kuondoka. Hapana. Mtu wangu amepoteza mkono, hajapoteza kwake."

Kaka yake Kitheka alikuwa mtu wa maneno machache. Aliondoka na wenzake, na baada ya muda akarudi peke yake akiswaga punda wawili. Akawafunga kwenye mti wa jirani, akanywa maji, akasema, "Hawa watakusaidia kuliko ushauri." Akaenda zake.

Basi Katunge akaokota ekseli ya gari bovu nyuma ya gereji, akaomba mbao za masanduku dukani, akaanza kuunda mkokoteni kwa kugonga misumari mbele ya chumba chao. Majirani walikuja kutazama. Wengine walicheka waziwazi, maana mwanamke wa mkokoteni hawakuwa wamemwona. Aligonga hadi jua likawa kali, na mkokoteni wenyewe ukawa unaonekana kama kitanda kilichoanguka. Hapo ndipo Musau, ambaye tangu atoke hospitali hakuwa amesema neno la maana, aliposimama mlangoni.

"Hiyo ekseli umeiweka juu chini."

Katunge hakuinua macho. "Basi njoo unionyeshe."

Musau akatoka. Akawa anashika mbao kwa mkono wa kushoto na kuzikandamiza kwa goti, mkewe akipigilia. Walibishana mchana kutwa, na majirani waliokuja kucheka waliwaacha wakibishana. Katunge aliwahi kusema baadaye kwamba kelele zile zilimpendeza kuliko wimbo wowote wa kanisani, na yeye kanisani alikuwa haendi kwa kuigiza.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Alibeba mahindi kutoka stesheni ya reli hadi madukani, makaa hadi majikoni, maji ya mto Chania hadi kwa wajenzi. Punda wake hawakupigwa. Aliwasemesha Kikamba siku nzima, akiwasifu na kuwakemea kama watoto wa shule. Alijifunza Kikuyu sokoni, Kiswahili alikuwa nacho, na maneno ya Kihindi ya kutosha kumwambia mwenye duka kwamba gunia limelowa kabla halijapakiwa, si baada. Waliomcheka wakaanza kumwita Katunge wa Punda, na jina hilo akalivaa bila kununa.

Sasa, miaka mitano haikupita bila mji kubadilika. Viwanda viliongezeka: cha mananasi, cha ngozi, cha mabati. Kila asubuhi wafanyakazi walimiminika kutoka Ruiru na kutoka upande wa Fort Hall, na wote walipitia barabara ile ile moja kuu. Malori ya mkonge yalikutana pale na malori ya mananasi. Mabasi yalikutana na mikokoteni, na baiskeli zilijipenyeza katikati kama panya ghalani. Mtu aliamka Ruiru jogoo wa kwanza, akapanda basi, akafika karibu na reli ya Thika, akakaa hapo hadi king'ora cha kiwanda kikalia. Aliyechelewa alikuta geti limefungwa, akarudi nyumbani na kitambaa chake cha chakula vile vile kilivyo.

Ndipo kamati ya mji ilipoleta lile wazo. Upande mmoja wa barabara kuu upigwe rangi nyeupe, uwe wa mabasi peke yake asubuhi na jioni. Malori yasubiri. Na mikokoteni, ya punda na ya kusukumwa, isionekane kabisa kwenye barabara kuu saa hizo.

Mji mzima ukaanza kubishana. Katika hoteli za chai watu walisahau chai. Wenye maduka walisema mizigo yao itashushwa wapi. Wafanyakazi walisema wamechoka kufungiwa geti. Kinyozi mmoja wa Majengo, wanasema, aliacha mteja na kichwa nusu akatoka nje kumalizia hoja yake. Na watu wa mikokoteni waliona ni wao wanaotupwa nje, kwa sababu asubuhi na jioni ndizo saa za kazi yao. Treni haikungoja mchana ndipo ishushe mizigo.

Msemaji wao mkali alikuwa Opiyo, kijana wa mabega mapana aliyesukuma mkokoteni wake mwenyewe. Lakini Opiyo alijua hasira yake ilivyo.

"Mimi nikisimama mbele ya Bwana DO nitatukana," aliwaambia wenzake. "Mama Ndinda ndiye atuongelee. Yeye anajua lugha zote, na haogopi mtu."

Hakuna aliyepinga. Walikuwa wanaume peke yao, lakini hakuna aliyepinga.

Aliyekuwa upande wa pili ni Kang'ethe, dereva wa basi la Ruiru. Alikuwa mtu safi, kofia imenyooka, na aliipenda honi yake kupita kiasi. Yeye na Katunge walikuwa wamegombana barabarani miaka na miaka.

"Mama Ndinda, toa hiyo punda yako kwa barabara!"

"Kwani barabara ulijenga wewe, Kang'ethe?"

"Hata wewe hukujenga!"

"Ndiyo maana mimi sipigi kelele!"

Na abiria wangecheka, na Katunge angewasogeza punda polepole zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa Majengo. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa nchini, watu hawakukusanyika ovyo, kwa hiyo kulikuwa na kibali kilichobandikwa mlangoni na askari wawili wamesimama chini yake. Bwana DO, ofisa Mzungu wa wilaya, alikaa mbele. Kando yake alikaa Zacharia, mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya mji, ambaye ndiye aliyetakiwa kuwaeleza Waafrika mpango huo. Zacharia alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma Biblia mbele ya watu. Kisha Katunge akasimama.

"Mzee Zacharia, nimekusikia, na nakuheshimu," alisema. "Lakini naomba kuuliza. Hilo basi likifika kiwandani, kiwanda kinakula nini? Unga wa uji wa hao wafanyakazi unatoka stesheni kwa njia gani? Kwa mgongo wa punda. Makaa ya kupikia? Punda. Leo mnasema punda ni uchafu wa barabara. Sawa. Mtuambie basi huo uchafu uende wapi, maana mbinguni hatujafunguliwa bado."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko na makofi. Hata Zacharia alijifuta mdomo kwa leso kuficha tabasamu. Bwana DO akaahirisha uamuzi hadi mkutano mwingine, baada ya Pasaka, na watu wa mikokoteni wakamsindikiza Katunge hadi nyumbani wakiimba. Musau alikuwa amesikia makofi akiwa nje. Alimwambia mkewe, "Leo umewakanyaga." Katunge akacheka, na kwa kweli alilala usingizi mtamu.

Ilikuwa siku ya soko, asubuhi ya mvua ya rasharasha, kabla ya huo mkutano wa pili. Lori la mkonge lilikuwa limekwama topeni karibu na reli, na nyuma yake barabara ikajifunga kabisa: malori, mikokoteni, ng'ombe wa mtu waliopelekwa mnadani. Katunge alikuwa katikati na shehena ya magunia ya chokaa. Basi la Ruiru lilikuwa nyuma yake kidogo. Alilitambua, akangoja honi.

Honi haikulia. Badala yake Kang'ethe mwenyewe alikuja kwa miguu, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea.

"Mama Ndinda," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Nina mama mjamzito ndani. Wa shamba la kahawa. Dispensari ya shamba imeshindwa, wakasema nimfikishe hospitali mbio. Mbio gani hii? Tumekaa hapa tangu alfajiri. Anaisha, Mama Ndinda."

Katunge alipanda kwenye basi. Mwanamke alikuwa amelala kwenye sakafu kati ya viti, kichwa chake mapajani mwa mwanamke mwenzake. Alikuwa kijana, midomo imekauka. Katunge akapiga magoti kando yake.

"Unaitwa nani, mama?"

"Waceke."

"Waceke, nishike shingo. Tunakwenda."

Aliporudi kwenye mkokoteni alimkuta Opiyo amefika. "Opiyo, mwaga chokaa!"

"Ni ya watu, Mama Ndinda! Mvua itaimaliza!"

"Mwaga!"

Opiyo alimwaga. Magunia yakaangukia mtaroni. Abiria walivua makoti na mablanketi, wakatandika kwenye mkokoteni, wakamlaza Waceke juu, na Kang'ethe akapanda kumshika asitikisike. Nyuma ya maduka kulikuwa na kijia cha miguu chenye mashimo na takataka, ambacho basi halingepita hata kwa ndoto. Katunge akawageuza punda wake kuingia humo. Hakukimbia mbele yao wala nyuma yao, alikwenda sambamba na vichwa vyao, akiwaomba kwa Kikamba, wakati Opiyo akisukuma kutoka nyuma na kuinua gurudumu kwa mabega kila lilipodidimia.

Walifika. Manesi wakamchukua Waceke. Watatu hao walikaa kwenye ngazi ya nje, wamelowa, dereva wa basi na watu wawili wa mikokoteni, wala hawakutazamana.

Waceke aliishi. Mtoto, ambaye alikuwa wa kiume, hakuishi.

Kufikia jioni mji wote ulikuwa na habari, lakini habari zina tabia ya kuchagua. Watu walisimulia punda waliopita pale basi lilipokwama. Walisimulia mwanamke wa Kikamba aliyemwaga chokaa ya tajiri. Mwenye chokaa mwenyewe, baada ya kufoka kidogo, alisema hadharani kwamba hadai kitu. Opiyo alizunguka Majengo akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Kwisha maneno!" alimwambia Katunge. "Kwa mkutano utasema hivi tu: basi ilishindwa, punda iliweza. Nani atatujibu?"

Katunge alimtazama. "Ngoja kwanza, Opiyo," alisema.

Alikwenda hospitali kumwona Waceke, akiwa na uji kwenye chupa. Waceke alikuwa ameketi kitandani, ameshika ukingo wa blanketi. Alimshukuru, akanywa kidogo. Kisha akasema, bila kulaumu mtu, kama anayesema hali ya hewa:

"Alikuwa anacheza tumboni tukitoka Ruiru. Hata tukifika kwa reli alikuwa anacheza. Ni pale tukisimama ndiyo alinyamaza."

Katunge alikaa naye hadi uji ukaisha. Nyumbani hakupika, Ndinda ndiye aliyepika, na Musau alipomuuliza ana nini, alimwambia maneno ya Waceke, neno kwa neno.

"Sasa utasema nini kwa mkutano?" Musau aliuliza.

"Nikisema vile Opiyo anataka, tutashinda."

"Najua."

"Na nikisema vile nimesikia, watanichukia."

"Mimi nilikaa nimegeukia ukuta," Musau alisema, "na wewe ukawa unagonga misumari watu wakikucheka. Wakikuchukia tutazoea."

Mkutano wa pili ulijaa hadi watu wakachungulia madirishani. Katunge aliposimama, watu wa mikokoteni walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Aliinua mkono, wakatulia.

"Mmesikia kwamba punda wangu walimfikisha mama hospitali," alianza. "Ni kweli. Lakini hamjasikia yote. Walimfikisha amechelewa. Mtoto wake alikuwa hai akifika kwa reli. Alikufa tukiwa tumesimama, lori, basi, ng'ombe na mimi. Mimi nilikuwa mbele ya lile basi. Kama kungekuwa na njia wazi, Kang'ethe angepita, na mimi singekuwa na hadithi ya kusimuliwa. Ningependa hivyo."

Katunge akamgeukia Bwana DO.

"Kwa hivyo nasema, wapeni mabasi hiyo njia. Asubuhi na jioni. Nimebadilisha maneno yangu, na ninayabadilisha hapa hapa nilipoyasema. Lakini," akamgeukia Zacharia, "watu wangu hawawezi kula rangi nyeupe. Nyuma ya maduka kuna kijia. Kizibwe mashimo, kiwekwe daraja juu ya mtaro, kiwe chetu. Bila hicho, mtakuwa mmemwokoa mtoto wa Waceke mwingine kwa kumnyima chakula mtoto wa Opiyo."

Aliketi. Nyuma yake Opiyo alisimama, uso umemvimba kwa hasira.

"Tulikutuma utuongelee!" alisema kwa sauti. "Nani alikutuma utuuze?" Akatoka, na wengi wa mikokoteni wakamfuata.

Njia ya mabasi ilipitishwa siku hiyo. Kijia nacho kilikubaliwa, kwa maneno. Rangi ilipigwa upesi, lakini kijia kilingoja, na kila aliyeuliza aliambiwa fedha zitatafutwa. Ile ilikuwa miezi migumu kwa Katunge. Wenzake walimpita bila salamu. Kazi ya stesheni ilipogawanywa, jina lake lilisahauliwa. Kuna aliyechora kwa makaa, ubavuni mwa mkokoteni wake, picha ya basi. Katunge aliiosha kwa maji na majivu, akasema mchoraji ana mkono mzuri.

Hakwenda kulalamika kwa Zacharia, wala hakukaa kungoja. Jumamosi moja mchana alipakia mawe kutoka kando ya mto, akayapeleka kwenye kijia, akaanza kuziba mashimo. Musau alikuja na koleo, akilishika kwa mkono wa kushoto na kulisukuma kwa tumbo. Walifanya hivyo Jumamosi nyingine, na nyingine. Watu walipita wakitazama.

Wa kwanza kujiunga alikuwa Kang'ethe. Alikuja na makandakta wawili na basi lililojaa kifusi cha matofali, viti vimefunikwa magunia. "Mwenye basi akijua atanifuta," alisema akivua kofia. "Tushushe haraka."

Kisha wakaja wafanyakazi wa Ruiru, wale wasiofungiwa geti tena. Kisha Zacharia mwenyewe, amevaa suruali ya zamani, akichimba vibaya lakini kwa bidii. Wakati walipofikia mtaro na kutafuta namna ya kuweka magogo ya daraja, watu wa mikokoteni walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja.

Opiyo alikuja wa mwisho. Hakusalimu mtu. Aliingia mtaroni hadi magotini, akaweka bega chini ya gogo kubwa lililowashinda wengine, akaliinua. Walipokuwa wakinywa uji, alikaa karibu na Katunge akiutazama mtaro.

"Bado nakasirika," alisema.

"Kasirika," Katunge alimwambia. "Lakini kunywa uji."

Siwezi kudanganya kwamba ile njia ya mabasi ilikuwa muujiza. Askari akiwapo, iliheshimiwa. Akiondoka kuvuta sigara, malori yaliingia. Mvua kubwa ilifuta rangi, ikapigwa tena, ikafutwa tena. Hata hivyo basi la Ruiru lilifika mapema siku nyingi zaidi kuliko zamani, na mikokoteni ilipita nyuma ya maduka kwa amani, hata wenye maduka wakafungua milango ya nyuma na kugundua kwamba ni rahisi kushushia mizigo huko.

Mwaka wa hamsini na tisa ukielekea kwisha, Zacharia alifika Majengo kumwambia Katunge kwamba kamati ya mji inataka aingie katika baraza dogo la kushauri mambo ya soko na barabara. Hakuna mwanamke aliyekuwa humo. Zacharia alilisema jambo hilo kwa uzito, kama mtu aliyebeba zawadi.

Katunge alikuwa akimwosha punda mguu uliochubuka. Alimaliza, akajikausha mikono.

"Mnakutana saa ngapi, Mzee?"

"Asubuhi."

"Asubuhi nina kazi. Mkikutana mchana, nitakuja."

Wakahamisha mkutano ukawa wa mchana.